Mtani Wangu Alipobisha Hodi

Mtani wangu hakuwa mtu wa kubisha hodi nyumbani kwangu. Anashuka kutoka mlimani na mzigo wake wa kabichi, anafika kwangu Bigwa, hapa Morogoro, watu ndiyo kwanza wanafagia nyua zao, anaupiga teke mlango wa uani, na kitu cha kwanza unachosikia ni kuku wakikimbia. Akimkamata mmoja, basi huyo ni wake, na hakuna wa kumuuliza. Halafu ndiyo anapaza sauti: "Mtumwa wangu yuko wapi? Bado hajafa?" Na mimi, mwalimu mstaafu niliyefundisha jiografia miaka na miaka, natoka na kandambili mguu mmoja nikimjibu kwamba maiti ni yeye, na kwamba ukoo wao mzima haujawahi kutoa mtu mwenye akili timamu.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu Uluguru, nieleze kidogo. Ukoo wangu na ukoo wake ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kuchukua kitu chako, kukuumbua mbele ya wakwe, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, aibu ni yako. Lakini siku ya msiba mtani huyohuyo ndiye anayechimba kaburi na kuhakikisha watu wamekula.

Alipofariki mke wangu nilikaa kwenye kiti kama gogo. Watu walikuja, wakasema pole, wakaondoka, sikumbuki sura ya hata mmoja. Ninachokikumbuka ni mtani wangu akitokea chumbani amejifunga khanga ya marehemu, mkono kiunoni, akitembea katikati ya waombolezaji na kunifokea kwa sauti ileile ya mke wangu: "Na hayo matope unayaingiza ndani uyapeleke wapi? Sakafu hii nimeipiga deki kwa ajili ya nani?" Akamwiga hata ile namna yake ya kuvuta pumzi kabla ya kuanza kugomba. Nilicheka. Mbele ya padri, mbele ya wanangu, nilicheka kwa sauti, kisha ndipo kilio kikanitoka vizuri. Mpaka leo namshukuru kwa kicheko kile, ingawa sijawahi kumwambia, maana mtani hashukuriwi.

Tumekua pamoja juu huko. Maji ya kijijini kwetu yalishuka kutoka msituni kwa mifereji ya mianzi iliyopasuliwa katikati, yakipita nyuma ya jiko la kila mtu, na sisi tulikunywa kwa kulala kifudifudi, pua ndani ya maji, baridi yake ikiuma meno. Nyuma ya shule ya misheni kulikuwa na jiwe kubwa linaloning'inia juu ya bonde. Asubuhi kabla ya kengele, ukungu ukiwa bado umelala chini kwenye migomba, tulikuwa tukisimama pale juu na kushindana nani atafikisha mbali zaidi. Samahani kwa wasomaji wenye heshima zao, lakini ndivyo tulivyokuwa. Tulikunywa maji ya mfereji mpaka matumbo yanapiga kelele, tukabana, tukabana, halafu twende jiweni. Mimi nasema nilimshinda. Yeye anasema alinishinda. Mabishano hayo yameota mvi pamoja na sisi.

Nimelitaja jiwe hilo kwa sababu ugonjwa ulionipata ulianzia kwenye mkojo huohuo. Nilianza kwenda haja ndogo mara kwa mara, na kila nikienda, inatoka kwa kusuasua. Nikajifanya ni uzee. Nilipokwenda hospitali hapa mjini nilipimwa damu, nikatolewa kipande kidogo cha nyama cha kupima, na baada ya kusubiri kwa muda ulioninyima usingizi nikaambiwa ni saratani ya tezi dume. Daktari akasema haijasambaa. Nitachomwa sindano, kisha niende Dar es Salaam kupigwa mionzi, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa majuma kadhaa. Nikamwitikia kwa kichwa kama mwanafunzi ambaye hajaelewa lakini anaogopa kuuliza.

Habari za ugonjwa zinajua kupanda mlima zenyewe. Jumamosi iliyofuata nilikuwa mezani nakunywa chai, nikasikia mtu mlangoni.

"Hodi."

Nikadhani ni mgeni. "Karibu," nikasema.

Akaingia mtani wangu. Kofia mkononi. Kuku wametulia uani wanadonoa zao. Akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuposa, akasafisha koo, akasema: "Habari za siku nyingi, Mwalimu. Tumesikia. Pole sana. Mungu atasaidia."

Mwalimu! Tangu tuzaliwe hajawahi kuniita hivyo. Nasema kweli, neno la daktari halikunitisha kama hodi ile. Daktari aliniambia ninaumwa. Mtani wangu alikuwa ananiambia nimeshakufa, na utani hauna kazi tena kwangu. Akanywa chai yangu kwa adabu, akaaga, akafunga mlango polepole. 

Basi nikaenda Dar, kwa mwanangu. Mwanangu anafanya kazi mgodini huko Kanda ya Ziwa, anaondoka majuma mengi kwa mkupuo, kwa hiyo nyumbani nilimkuta mkewe na wajukuu. Mkamwana wangu huyu ni Mhaya, anafanya kazi benki, na heshima yake inaweza kukuua. Asubuhi, kabla hajatoka kwenda kazini na viatu vyake virefu, anapiga magoti: "Shikamoo Baba. Umeamkaje Baba?" Namjibu nikiwa nimeangalia pazia. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawazungumzi habari zozote za chini ya kitovu. Hata kikohozi unakipima.

Hospitali walinipokea vizuri. Waliniwekea vialama vidogo kwenye nyonga ili mashine ilenge palepale kila siku. Dada mmoja wa mionzi, binti mpole mwenye miwani, akanikalisha na kunieleza kwa kutumia ngumi zake mbili. Ngumi hii ni kibofu, hii ni tezi, na huku nyuma ni njia ya haja kubwa. "Kibofu kikijaa maji, Mzee, kinanyanyuka na kuusukuma utumbo mbali na mionzi. Na huku nyuma pakiwa patupu, bila choo wala gesi, tezi inakaa mahali pake. Hapo tutapiga tunapotaka, na kwingine tutapaonea huruma." Kwa hiyo kila siku kabla ya zamu yangu niende chooni nijisafishe, kisha ninywe maji kiasi walichonipimia, nisubiri, nibane. Nipunguze vyakula vya gesi: maharage, kabichi, soda. Nisiache kunywa maji mchana kutwa. Nitembee kidogo hata kama nimechoka. Na nikiona mkojo unachoma au tumbo linaendesha, niseme mapema, dawa zipo.

Nilielewa kila kitu. Ningeweza kuichora ramani yake ubaoni, na mistari ya mwinuko juu yake.

Sasa ngoja nikuambie kilichotokea. Mkamwana wangu alikuwa amemuuliza mumewe kwa simu: baba anapenda nini? Na mwanangu, mtoto mwema, akajibu: "Baba ni mtu wa mlimani. Mpe maharage ya nazi na kabichi, atakubariki." Jioni ya kwanza likaja bakuli. Maharage mekundu ya kwetu yameiva mpaka yamefunga rojo, kabichi imekaangwa na karoti. Binti wa watu amerudi kazini amechoka, kayapika mwenyewe, kapiga magoti kuninawisha mikono. Mimi nifanye nini? Nimwambie, mwanangu, chakula hiki kinanijaza upepo? Maneno hayo hayakuwepo kinywani mwangu. Nilikula nikamaliza. Akaona nimemaliza, kesho yake akaongeza.

Na choo cha nyumba ile kilikuwa kimoja, kinatazamana na mlango wa jiko. Jioni nzima yeye yuko jikoni. Nitapita mbele yake mara ngapi? Nikaona dawa ni kutokunywa maji kuanzia mchana. Nikawa nashinda midomo mikavu kama mtu aliyefunga, tumbo limejaa maharage, nimebana kila kitu kinachoweza kubanwa, natabasamu tu. "Baba uko salama?" "Salama kabisa, mama."

Hospitali nako kulikuwa na lake. Pale kwenye benchi la kusubiri tunakaa wazee watupu, kila mmoja na chupa yake ya maji, hakuna anayemwangalia mwenzake. Siku moja mzee mmoja nadhifu, kavaa kanzu iliyopigwa pasi, alisubiri zamu yake ikachelewa, akashindwa kubana. Maji yakatiririka mpaka chini ya benchi. Mfanya usafi akaja na tambara bila kusema neno. Yule mzee aliendelea kuangalia ukuta, na sisi wote tukaangalia ukuta pamoja naye. Nikaapa moyoni kwamba mimi hayatanikuta. Kuanzia siku ile nikawa nakunywa mafunda mawili matatu, yanayobaki namwagia ua lililo kwenye chungu pale kona. Ua lile lilistawi sana.

Mashine haidanganyiki. Kila siku kabla ya kupiga wanaangalia picha kwanza. "Mzee, kuna gesi nyingi. Shuka utembee kidogo, ujaribu chooni." "Mzee, kibofu hakijajaa. Umekunywa?" Nimekunywa, nasema. Napelekwa kusubiri tena, wenzangu wanapita, mimi nazungushwa kwenye korido. Siku nyingine walifanya kwa kiasi walichoona kinawezekana. Yule binti wa miwani akawa ananitazama kwa macho ya kuuliza. "Kuna maumivu yoyote, Mzee?" Sijambo, namjibu. Wakati huo mkojo ulikuwa unachoma mpaka nashika ukuta, na tumbo linanikimbiza chooni bila taarifa, na uchovu umeniingia hata kufunga vifungo vya shati ni kazi.

Kufika katikati ya tiba nikachoka roho. Ijumaa nilipanda treni ya umeme kurudi Morogoro kwa mapumziko ya mwisho wa juma, nikachagua kiti karibu na choo. Tulipoipita Ngerengere, milima ikaanza kuonekana upande wa kushoto, ya buluu, na wingu limekaa kileleni mahali pake pa siku zote. Nikaitazama, nikajiambia: sirudi. Nitakufa nikiwa kwangu, kwenye choo changu. Na unajua nini? Nilifurahi. Nilifurahi kama mwanafunzi wa bweni aliyefunga shule, nikatazama dirishani mpaka mashamba ya Kingolwira yakapita.

Jumamosi asubuhi nikasikia tena: "Hodi."

Mtani wangu, kofia mkononi. Na safari hii mkono wa pili ameshika kuku, amefungwa miguu. Mtu ambaye maisha yake yote ameniibia kuku, leo ananiletea! "Nimekuja kukujulia hali, Mwalimu," akasema kwa sauti ya kanisani. "Huyu wa supu, upate nguvu."

Nikapandwa na hasira ambazo sijawahi kuzipata. Nikasimama, ugonjwa nimeusahau. "Toka na kuku wako! Nani amekufa hapa? Nani amekwambia uniite Mwalimu?"

"Mwalimu, tulia..."

"Nitukane!"

Akarudi nyuma hatua moja.

"Nitukane, nimesema! Umekuja nyumbani kwangu mara mbili unabisha hodi kama bwana afya. Nimekukosea nini?"

Akakaa chini. Akamweka kuku sakafuni, akaizungusha kofia mkononi. "Siwezi," akasema. "Ugonjwa wenyewe uko hukohuko. Matusi yetu yote tangu utotoni yalikuwa ya hukohuko. Nikianza nitakuwa nakupiga kwenye kidonda."

Masikini, kumbe alikuwa ananihurumia. Hasira zikanitoka zote, nikakaa, na nikaanza kumwambia. Kwa mtani hakuna lisilosemeka, ndiyo maana Mungu alituumbia watani. Nikamwambia habari ya kibofu na ngumi mbili za yule binti, mkamwana na bakuli lake, mlango wa choo unaotazamana na jiko, mzee wa kanzu, ua la kwenye chungu. Nikamwambia mkojo unavyochoma. Nikamwambia kwamba sirudi tena Dar.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha nikaona mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamtoka kweli, lakini kwa kicheko. "Yaani," akasema, akashindwa, akaanza upya. "Yaani mtumwa wangu unataka kufa kwa sababu ya maharage!"

Akacheka akijipiga mapaja, kuku akaogopa. "Kwanza kibofu chako nilikijua tangu kule jiweni. Hakijawahi kufikisha popote! Ukoo wenu mna shule nyingi, lakini zimeishia kichwani, chini hazikushuka." Na mengine alisema ambayo siyaandiki hapa. Mimi nililia. Nililia kwa raha, nikifuta pua kwa mkono kama mtoto, kwa sababu mtu huyu alikuwa amenirudisha kwenye orodha ya walio hai.

"Sasa nisikilize, maiti," akasema alipopata pumzi. "Kaburi lako nitalichimba mimi, ndiyo kazi yangu. Msimu huu mgongo unaniuma, sichimbi. Utarudi Dar, na nitakwenda na wewe." Akamfungua kuku wake miguu, akamkamata na wa kwangu mmoja, akaondoka nao wote wawili.

Jumapili tukapanda treni. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na alimuuliza kila mhudumu kama dereva anaiona njia kweli kwa mwendo ule.

Jioni, kwa mwanangu, mkamwana wangu akaja na bakuli, akapiga magoti. Kabla sijagusa chochote, mtani wangu akanyoosha mkono akalivuta bakuli la maharage upande wake, kisha la kabichi, akaanza kula. Binti wa watu akapigwa na butwaa, mikono bado imeshika birika la kunawia.

"Mama," mtani akamwambia huku akitafuna, "mimi ni mtani wa huyu maiti. Kwetu ninaruhusiwa. Sasa sikiliza, maana yeye anaona aibu na wewe unamwogopa. Usimpe maharage. Yanamjaza upepo, na akilala kwenye ile mashine, mashine inamkataa. Na jioni hanywi maji, anaogopa utamwona akienda chooni. Muone alivyokauka! Mimi nimesema, basi, sasa na mimi niongezeeni wali."

Nilitamani sakafu ipasuke. Niliangalia dari, nikahesabu mapanga ya feni. Halafu nikasikia sauti ndogo, nikateremsha macho. Mkamwana wangu amefunika mdomo kwa upande wa khanga, anacheka, hawezi kujizuia. Kisha kicheko kikageuka kilio. "Baba, nisamehe," akasema. "Nilisoma kwenye simu kwamba maharage hayafai. Nikasema labda wewe umeruhusiwa. Nitamnyimaje baba mkwe chakula anachokipenda? Nilikuwa naogopa kuuliza."

Tangu kesho yake nikawa nakula wali laini, samaki wa kuchemsha, boga, karoti zilizoiva sana, ndizi mbivu. Na jambo moja jingine alilifanya bila kusema. Kila jioni akiingia jikoni aliwasha taarabu redioni na kuiweka sauti juu, na kwenye mlango wa jiko akatundika pazia zito. Hatukuzungumza habari ya pazia lile hata siku moja. Nikisikia taarabu mpaka leo, huwa namkumbuka kwa upendo mkubwa.

Hospitali mtani alikuwa balaa. Alikaa kwenye benchi pembeni yangu, kikombe mkononi, akawa ananinywesha mbele za watu. "Kunywa, mtumwa! Usimwagie maua, ua hilo limeshashiba." Wazee wakageuza shingo. Mmoja, Mnyamwezi mrefu, akauliza kwa wasiwasi kama tunagombana. Nikamwambia huyu ni mtani wangu wa kule Uluguru. "Aa, Waluguru!" akasema, uso ukamfunguka. "Basi na mimi ni mtani wenu. Na wewe mnyweshaji, kwa nini hunywi? Au chako kinavuja?" Benchi zima likaripuka. Yule mzee wa kanzu alicheka mpaka akaomba tumwache, atakuja kuaibika mara ya pili, na yeye mwenyewe ndiye aliyelisema. Kuanzia siku ile hapakuwa na mtu wa kuangalia ukuta. Zamu ikichelewa tunasema waziwazi: huyu amejaa, apite kwanza. Wahudumu nao wakawa wanatupanga vizuri zaidi, maana tuliwaambia ukweli.

Mtani alikuwa na elimu yake mwenyewe kuhusu jambo hili. Alimweleza yule binti wa miwani kwamba maji yanazima moto wa mionzi. "Hapana, Baba," binti akacheka, "hayazimi kitu. Yanasogeza tu utumbo pembeni." Mtani akanigeukia: "Si ndicho nilichosema?"

Siku hiyohiyo nikamwambia binti kila kitu, kuchoma na kuendesha. Hakunigombeza. Alimwita daktari, nikapewa dawa, nikafundishwa na mazoezi ya kubana misuli ya chini, unabana, unaachia, unabana, hata ukiwa umekaa kanisani. Na siku hiyo nilipolala chini ya mashine, nikasikia kwenye kipaza sauti: "Mzee, leo kibofu kimejaa vizuri sana." Niseme ukweli, hata mitihani ya chuo haikunipa furaha ile.

Mtani alirudi kwenye kabichi zake, lakini alinipigia simu kila asubuhi kunitukana, na mkamwana akawa anaweka simu sauti ya wazi ili wajukuu wasikie. Nilimaliza tiba. Nisidanganye kwamba nilitoka mzima kama kijana. Uchovu ulikaa na mimi miezi, mkojo ulichelewa kutulia, na kuna nguvu fulani ya kiume ambayo haikurudi, nami naisikitikia ingawa ni mjane. Lakini kuchoma kuliisha, tumbo likarudi kwenye utaratibu wake, na vipimo vimekuwa vikisema vizuri. Nikarudi Bigwa, mlango wa uani ukarudi kupigwa teke, na kuku wakarudi kupungua.

Msimu wa mvua uliopita, asubuhi, nilikuwa nimekaa barazani nafanya yale mazoezi yangu yasiyoonekana. Milima imefunikwa yote, hata miti ya juu ya kanisa haionekani. Nilikuwa nawaza habari za ule mfereji wa mianzi, kama kuna mtoto bado analala kifudifudi kuyanywa yale maji, au wote wana mabomba. Uani kimya.

"Hodi, Mwalimu."

Alikuwa amesimama mlangoni. Kofia mkononi, imelowa. Hakuwa na kabichi.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," akasema. Akaangalia miguu yake. "Natokea hospitali. Wamenipima, wamekuta ile yako."

 Nilimwangalia rafiki yangu huyu, jinsi shati lilivyomgandia mabegani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amezeeka. Neno pole lilikuwa limeshafika mdomoni. Lilikuwa neno rahisi sana, nikaelewa kwa nini siku ile na yeye alilikimbilia. Nikalimeza.

"Nani amekufundisha hodi, mtumwa wangu?" nikamwambia. "Toka nje. Uingie upya."

Maji ya mvua yalimdondoka kwenye pua. Kisha akavaa kofia yake, akageuka, akatoka, nikasikia mlango wa uani ukifungwa taratibu nyuma yake. Nikaingia ndani, nikachukua jagi, nikalijaza maji mpaka juu, nikaliweka mezani na kikombe kimoja. Nikakaa kusubiri. Kule nje hakukuwa na sauti yoyote ila mvua, na nikaanza kuogopa kwamba ameondoka.

Halafu mlango ukapigwa teke, na kuku wakakimbia.